Alumini inapogoma: matatizo ya kukata bati la kukinga bodi ya gari nyumbani, na sababu zake

Pikapu yangu hupanda Newala na Tandahimba msimu wa korosho, na kila ikirudi Mtwara mjini huwa imevuliwa rangi mahali palepale: nyuma ya matairi ya mbele, kwenye vizingiti vya milango, na chini ya madigadi za nyuma. Tairi inarusha kokoto, rangi inabanduka, kisha hewa ya chumvi ya Shangani, ufukweni pale mjini, inamalizia kazi. Ndipo nikaanza kukata mabati ya alumini mwenyewe uani na kuyafunga sehemu hizo. Majirani wameiga, na sasa hazipiti Jumamosi mbili bila mtu kubisha hodi na kipande kilichoharibika mkononi: "Njomba, hii imekuwaje?"

Nimeyapanga maswali yao kwa jinsi tatizo linavyoonekana kwa macho au kusikika. Mengi yana mzizi mmoja. Mtu ameshika alumini mkononi, lakini akilini mwake anakata chuma. Alumini ni laini, inanata, na haipendi joto. Ukiiendea kama fundi seremala anavyoiendea mbao utaelewana nayo zaidi kuliko ukiiendea kama mchomeleaji wa mageti.

Jambo moja la matarajio kwanza. Bati la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 16 hivi, wakati la chuma la kipimo hichohicho linakaribia 47. Hiyo ndiyo faida. Lakini milimita 2 ni za kuzuia kokoto, matope na mikwaruzo ya vichaka. Jiwe lililosimama katikati ya njia litalikunja bati hilo kama karatasi na kulisukuma kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Ngao ya sampu inataka alumini nene, milimita 5 au 6, na hiyo mimi hupeleka kwa fundi mwenye mashine.

Linatoa cheche

Basi si alumini. Alumini haitoi cheche kwenye diski ya grenda. Umeuziwa bati la chuma lililopakwa zinki, na sumaku ya spika mbovu ingekuambia hivyo palepale dukani. Sumaku ikikataa kushika bado kuna uwezekano ni chuma cha pua, kwa hiyo linyanyue pia: alumini ina theluthi moja tu ya uzito wa chuma.

Wauza vyuma chakavu huwa na vipande vizuri vya mabodi ya mabasi na matrela ya zamani. Mtu akikuletea kipande bapa kizuri chenye rangi inayong'aa ukikimulika kwa taa, hicho kimeng'olewa kwenye kibao cha barabarani. Mrudishie. Kona kilikotoka utakuja kuipita wewe mwenyewe usiku.

Diski inaziba, moshi unatoka, na nyuma yako mkato unajifunga

Hili ndilo linaloleta watu wengi, na ndilo lililonifundisha adabu. Mara ya kwanza nilichukua grenda ya inchi nne na nusu ikiwa na diski ileile niliyokatia nondo. Sentimita kumi za mwanzo zilikwenda vizuri mpaka nikajisifu. Kisha mlio ukabadilika, kutoka mluzi mkali ukawa mgumio mzito, grenda ikaanza kunivuta upande, na nikanusa harufu ya resini inayoungua, ile gundi inayoshikilia chembe za diski. Nikazima. Ukingo wa diski ulikuwa umevaa pete ya fedha pande zote, na ule mstari niliokwisha kuukata ulikuwa umejazwa upya na alumini iliyoganda, kama kidonda kilichofunga. Mzee mmoja fundi bati aliyekuwa akipita akachungulia juu ya ukuta wa makuti. "Mwanangu," akasema, "hapo hukati. Unapaka."

Alikuwa sahihi. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, alumini huyeyuka kwenye 660 tu. Na haikuonyi. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, ukakiogopa. Alumini inabaki na rangi yake mpaka dakika inapolegea. Aliyewahi kusahau sufuria tupu kwenye jiko la mkaa anajua: unarudi unaikuta imezama katikati, na haikuwahi kuwa nyekundu. Kwenye diski, alumini iliyolegea inajaza nafasi zilizo kati ya chembe za kukatia. Chembe zikishafunikwa hazikati tena, zinasugua. Kusugua kunaleta joto, joto linalegeza alumini zaidi. Wewe unaona haiendi, unakandamiza, na mzunguko unaendelea. Diski iliyoziba hivyo inaweza kupasuka, na grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Vipande vyake havitakuuliza kama umevaa miwani.

Dawa ya kwanza ni kuweka grenda chini kabisa na kuchukua msumeno. Kama grenda ndicho kifaa pekee ulichonacho, tafuta diski nyembamba ya milimita 1 iliyoandikwa kwamba inafaa kwa alumini, na usiiazime kwa kazi ya nondo. Usikate kwa mpigo mmoja. Pitisha kidogo juu ya mstari wote, rudia, rudia tena, kila mara ukizama kidogo, na ukihisi bati limekuwa moto kwa mkono, kaa chini unywe maji. Kila baada ya mipito miwili zima, subiri diski isimame, kisha sugua mshumaa kwenye mstari wa kukatia. Nta inazuia alumini isishike. Mafuta ya taa nayo ni mazuri kwa kazi hii, hata mafundi wa mashine huyatumia, ila kwa msumeno wa mkono tu. Usiyaweke karibu na grenda.

Kuna ujanja mmoja nimeuona zaidi ya mara moja: mtu anaondoa kinga ya grenda na kufunga diski ya msumeno wa mbao yenye meno, kwa sababu kweli inakata alumini haraka. Inakata mpaka jino moja linapong'ang'ania. Hapo grenda yote inarudi kwa mwenyewe, tumboni au usoni, kabla hajajua nini kimetokea. Sitoi ushauri wa kuifanya kwa tahadhari. Usifanye.

Msumeno unaruka, bati linapiga ngoma, meno yanavunjika

Angalia meno. Msumeno wa chuma, ule wa mkono, huandikwa idadi ya meno kwa inchi: 18, 24 au 32. Kanuni ninayofuata ni kwamba meno mawili hivi yawe ndani ya unene wa bati wakati wote. Bati la milimita 2 linataka 24, la 3 kwenda juu chukua 18, la milimita 1 linataka 32 na msumeno ulazwe, maana hata hapo meno hayafiki mawili. Ukitumia 18 kwenye bati la milimita 1, jino linaangukia upande wa pili, linakwama kwenye ukingo, linakatika. Kuulaza msumeno karibu ubapa juu ya bati kunasaidia pia, kwani meno mengi zaidi yanagusa kwa wakati mmoja.

Ukiwa na jigsoo, ule msumeno mdogo wa umeme wenye wembe unaopanda na kushuka, tumia wembe wa kukatia chuma, zima ule mwendo wa kubembea wa mbele na nyuma (swichi iwe kwenye sifuri), na punguza kasi hadi wastani. Tatizo kubwa la jigsoo haliko kwenye wembe, liko chini ya bati. Bati jembamba lisiloshikiliwa linapanda na kushuka na wembe, na ndiyo hiyo ngoma unayoisikia. Mimi hulibana kati ya mbao mbili za plaiwudi kuukuu kwa vibano vinne, nachora mstari juu ya plaiwudi, na nakata vyote vitatu pamoja. Ukingo hutoka safi hata tupa haina kazi kubwa. Unapoteza kipande cha plaiwudi. Ni bei nafuu.

Kitako cha jigsoo kitakwaruza bati kama hukutumia plaiwudi. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi chini yake.

Na kama mashine inalegea katikati ya mkato bila sababu, gusa waya wa nyongeza. Ukiwa mrefu, mwembamba, na bado umeviringishwa, utaukuta una joto. Umeme unaishia njiani. Kunjua wote au tafuta mnene zaidi.

Mstari umepinda

Mara nyingi ni mkono kutegemea macho. Banisha kipande cha chuma cha pembe (angle) au ubao ulionyooka kuwa reli ya kuongozea, basi. Kama reli ipo na bado mkato unapinda, wembe umekuwa butu na wewe unasukuma.

Mkasi wa bati ni habari nyingine: unakata vizuri hadi milimita 1, ukijitahidi 1.5, lakini unakunja upande mmoja. Ipo ya kukata kulia na ya kukata kushoto, na rangi ya vishikio si urembo: kwa kawaida mwekundu hupinda kushoto, kijani kulia, njano hunyooka. Usifunge mdomo wa mkasi mpaka mwisho kila unapokata, kwani ncha ndiyo inayoacha vile vijino.

Kwa mkato mrefu ulionyooka kwenye bati jembamba na gumu, huhitaji hata msumeno. Weka rula ya chuma, chora kwa kisu kigumu mara kumi hadi kumi na tano juu ya mstari uleule mpaka kina kifike karibu nusu ya unene, weka mstari kwenye ukingo wa meza, kunja chini, kunja juu. Litakatika. Bati laini sana linakunjika bila kukatika, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza.

Sampuli kata kwenye boksi la sabuni, livalishe garini, rekebisha, ndipo uhamishie kwenye alumini. Chora kwa maka peni. Penseli iache: risasi yake ni kaboni, na alama ya kaboni iliyobaki juu ya alumini katika hewa hii ya chumvi ni mwanzo wa kuliwa.

Ufa unaanzia kwenye kona ya ndani

Umekata mistari miwili ikakutana kwa pembe kali, labda moja ikapitiliza. Mtetemo wa barabara hukusanyika hapo. Toboa kwanza tundu la milimita 6 kwenye kona, kisha leta mikato miwili iishie ndani ya tundu. Bati likiwa limeshapasuka, toboa mwisho wa ufa. Ufa ukikuta tundu la duara hukosa pa kwenda.

Ukingo unakata mikono, tupa imejaa

Miba ya ukingoni hutolewa kwa tupa, lakini tupa inaziba upesi na donge lililokwama linachimba mifereji kwenye bati. Paka chaki ya ubaoni kwenye meno ya tupa kabla ya kuanza, na isafishe kwa burashi. Baada ya tupa, msasa. Sehemu ambayo mguu wa abiria utapita, chana mpira wa maji kwa urefu na uuvike ukingoni. Mtoto wa jirani alikatwa kwenye muundi na kizingiti nilichoamini nimekimaliza, na mama yake bado ananikumbusha.

Tundu limetoka pembetatu, au bati limezunguka na biti

Biti ya kawaida ya drili, inapotokeza upande wa pili wa bati jembamba, hukosa kitu cha kuishikilia na kuanza kuyumba. Weka ubao mgumu chini ya bati, piga alama kwa senta panchi, anza na biti ndogo, kisha kubwa, na gusisha biti kwenye mshumaa kila tundu. Bati libanwe kwa vibano viwili, kamwe si kwa mkono. Biti ikinasa, kipande kinageuka panga linalozunguka. Glavu vaa unapobeba bati, zivue unapotoboa, maana biti ikishika glavu inaondoka na kidole.

Limepasuka nilipolikunja

Kuna alumini za aina nyingi. Zile ngumu zilizotengenezwa kwa kubeba mzigo hazikunjiki kwa pembe kali, hata uzibembeleze. Kunja juu ya bomba badala ya ukingo mkali wa meza, ili kona iwe ya duara. Na kama mistari ya kiwandani inaonekana juu ya bati, kunja kwa kuikingama, usiifuate.

Likigoma bado, kuna njia ya sabuni. Sugua sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwenye mstari wa kukunja. Pasha moto kwa gesi kutoka upande wa nyuma, moto ukiwa unatembea muda wote. Sabuni itakuwa kahawia, kisha nyeusi. Ikifika nyeusi ondoa moto mara moja. Sabuni inafanya kazi ambayo alumini yenyewe inakataa kuifanya, ya kukuonyesha joto limefika wapi. Acha lipoe, likunje. Sehemu hiyo itakuwa laini kuliko mwanzo, kwa hiyo usiifanye pale panapopigwa na mawe.

Madoa ya kutu juu ya alumini

Alumini haishiki kutu nyekundu. Hizo ni chembe za chuma zilizoingia ndani ya uso wake laini, kutoka kwenye burashi ya waya au diski iliyokwisha kukata nondo. Sugua kwa msasa mpya, na tenga vifaa vya alumini kwenye ndoo yake.

Utengano huo una sababu nzito zaidi. Vumbi laini la alumini likichanganyika na vumbi la kutu ya chuma, mchanganyiko huo ukipata cheche huwaka kwa joto ambalo maji hayalizimi. Ni mchanganyiko wa aina ileile unaotumika kuunganishia reli. Fagia chenga zote kabla jirani hajaja na geti lake la kuchomelea palepale ulipokuwa.

Unga mweupe kuzunguka bolti

Hapa kukata kumekwisha na Mtwara inaanza. Alumini, chuma na maji ya chumvi vikikutana ni betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Land Rover zilianza mwaka 1948 zikiwa na mabati ya alumini juu ya fremu ya chuma, na ukikagua ya zamani utakuta yamevimba na kumung'unyika hasa pale yanapogusana na chuma. Ikiwa wao wenye kiwanda iliwapata, wewe na bolti zako nne itakupata.

Mwanzo nilitandika mpira wa tyubu kati ya bati na bodi, nikaona nimemaliza. Baada ya mvua nikafungua. Mpira ulikuwa umetunza maji ya chumvi vizuri kuliko mtungi, na nyuma ya bati kulikuwa na unga mweupe mnene kama wa muhogo. Siku hizi napaka rangi ya msingi pande zote mbili za bati, pamoja na ndani ya kila tundu, na kwenye bodi pia pale nilipotoboa. Kati yake naweka vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula, kila kimoja ukubwa wa sarafu, kwenye bolti tu, ili hewa na maji vipite. Bolti ziwe za chuma cha pua zenye washa za nailoni. Kitu cha shaba kisikaribie.

Usizibe vile vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya vizingiti vya milango. Nimeona kizingiti kilichokingwa kwa uzuri wote kikaoza kutoka ndani kwa sababu mwenyewe alipiga silikoni kuanzia juu hadi chini. Silikoni mwisho wake ni ukingo wa juu na wa mbele. Na kabla ya kutoboa popote kwenye bodi, pita nyuma kwa mkono na tochi: bomba la breki, bomba la mafuta na nyaya hupenda kupita hapohapo.

Linapiga kelele njiani

Bolti mbili hazitoshi kwa bati linalozidi futi moja. Weka moja kila sentimita 15 hivi. Kama zimekaza na kelele ipo, kuna kitu nyuma. Mmoja alikuja analalamika mlio uliomfuata kuanzia Nanyamba mpaka mjini. Tukafungua, ikadondoka korosho moja, bado ina ganda lake. Bati lilikuwa limefungwa kubana mpaka chini. Nikalikata ukingo wa chini, nikaacha uwazi wa vidole viwili, ili kitakachoingia kipate pa kutokea.